UZI: Gari dogo jipya kwa mtu wa Malindi – bei, mkopo, chumvi na umbali wa gereji

Mwanagede (mwenye uzi)

Assalam aleikum, watu wa Malindi, na majirani wa Watamu, Mambrui na Lamu.

Natafuta gari dogo jipya la dukani, si mtumba. Fungu lote ni Sh1,700,000: taslimu Sh500,000, na Sh1,200,000 mkopo wa benki. Injini isizidi 1,200 cc. Njia ni Gede–Malindi kila siku, Mombasa mara mbili kwa mwezi, na Marafa siku moja moja. Abiria ni watu wazima wawili na watoto wawili.

Naomba anayejua aandike kwa tarakimu: gharama zipi hazitajwi dukani, nikague nini siku ya kuchukua gari, na hewa yetu ya bahari italifanya nini bati jipya.

Mizani_Pwani

Wa aleikum salaam. Nianze na bei, maana watu wengi huchanganya bei ya dukani na bei ya gari likiwa barabarani. Usiulize "gari ni pesa ngapi?" Omba profoma (hati ya bei kabla ya kununua) iliyoandikwa kila kitu: gari lenyewe, VAT ndani au nje, usajili na namba, bima, traka (kifaa cha kuonyesha gari liliko), tairi ya akiba, jeki, mazulia. Profoma yenye mstari mmoja irudishe, uandikiwe nyingine.

Ufahamu pia kwa nini gari dogo jipya linagharimu hivyo. Gari lililoingia nchini likiwa kamili hutozwa ushuru wa forodha asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1,500 cc, kisha VAT asilimia 16, na juu yake ada ya tamko la forodha asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2. Kila kodi huhesabiwa juu ya ile iliyotangulia, isipokuwa hizo mbili za mwisho ambazo hushika thamani ya forodha peke yake. Chukua gari lenye thamani ya Sh700,000 bandarini:

Forodha 245,000
Ushuru wa bidhaa 189,000 (asilimia 20 ya 945,000)
VAT 181,440 (asilimia 16 ya 1,134,000)
Tamko la forodha 17,500
Reli 14,000

Jumla ya kodi ni Sh646,940, na gari sasa limefika Sh1,346,940 kabla muuzaji hajaweka faida yake. Ukivuka 1,500 cc, ushuru wa bidhaa unapanda kuwa asilimia 25. Kwa hiyo kikomo chako cha 1,200 cc kiko sawa, ila usikatae 1,500 cc kwa sababu ya kodi. Ziko kwenye fungu moja.

Kwa fungu lako, tafuta gari lisilozidi Sh1,500,000. Benki nyingi hutaka asilimia 20 mkononi, yaani Sh300,000, nayo ikutoe Sh1,200,000. Zile Sh200,000 zinazobaki zina kazi, nitarudi kuzieleza.

Kaskazi77

Kwa bei hiyo si afadhali Demio au Vitz ya mtumba kutoka Japani? Utapata la otomatiki, lina kila kitu, na chenji inabaki.

Fundi_Barani

Kaka Kaskazi, swali lako ni la haki na halina jibu moja. Sheria ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hairuhusu mtumba uliozidi miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Mwaka 2025 mpaka ulikuwa magari ya 2018 kwenda mbele, na kila Januari mpaka unasogea mwaka mmoja. Kwa hiyo Vitz ya bei hiyo mara nyingi ni ya miaka 6 au 7, na mpira wote chini yake una umri huohuo: bushi, mabuti ya ekseli, mipira ya breki, mifereji ya rejeta. Mafundi wa hapa wanaijua kama kiganja cha mkono, na spea zake ziko Malindi mjini. Huo ndio uzito wake.

Gari jipya lina dhamana, ambayo kwa magari mengi ni miaka 3 au kilomita 100,000, kipi kitangulie. Lina pia historia safi. Udhaifu wake kwetu ni kwamba gereji iliyoidhinishwa kwa makampuni mengi iko Mombasa, kilomita 120. Kwenda na kurudi ni kilomita 240. Gari la kilomita 17 kwa lita litakunywa lita 14, na lita ikiwa Sh180 hiyo ni karibu Sh2,540 kwa kila sevisi kabla ya ankara ya gereji. Mwanagede anafika Mombasa mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo sevisi ataiunganisha na safari zake. Kwa mtu asiyetoka Malindi ningesema mtumba, tena mzuri uliokaguliwa.

Sasa chumvi, nalo ndilo jambo kubwa la uzi huu.

Magari haya madogo hutengenezwa mepesi ili yale petroli kidogo, na wepesi huo unatoka kwenye bati. Mengi hujengwa India. Suzuki S-Presso, kwa mfano, ina injini ya 998 cc ya silinda 3 na tangi la lita 27. Alto 800, iliyoacha kutengenezwa India mwaka 2023, ilikuwa na 796 cc na tangi la lita 35. Rangi ya juu huwa nzuri. Kutu huanzia pasipoonekana: ndani ya mbavu za chini ya milango, kwenye mashavu ya tairi (bati la bodi linalofunika gurudumu) ambapo mchanga hupiga, chini ya bampa la nyuma, na kwenye vishikio vya paipu ya ekzosi. Anayekaa Silversand, Ngomeni au karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni huiona mapema kuliko wa Kakuyuni.

Tiba ni kulipiga gari dawa ya kutu likiwa bado jipya na kavu, kabla ya mvua ya kwanza. Dawa ni za aina mbili, na zote mbili zinatakiwa. Ile nzito nyeusi hupigwa chini ya sakafu na kwenye mashavu ya tairi. Ile nyepesi ya nta hupulizwa ndani ya mbavu na milango kwa mrija mrefu kupitia matundu ya kiwandani. Kosa la mafundi wengi ni kuziba vitundu vya kutolea maji chini ya milango. Vikizibwa, maji hukaa ndani na mlango unaoza kutoka ndani kuja nje, dawa ikiwa juu. Baada ya kazi ingiza waya mwembamba kwenye kila kitundu. Dawa isiguse diski za breki, ekzosi, kebo ya hendibreki wala sensa za magurudumu.

Kabla ya yote, uliza muuzaji kwa maandishi kama kazi hiyo inagusa dhamana ya kutu. Wengine hutaka ifanyike kwao.

Mtepe_wa_Shela

Oili chafu iliyochanganywa na dizeli inatosha. Ndiyo inayopakwa kwenye malori siku zote.

Fundi_Barani

Usimwongoze huko, ndugu. Oili na dizeli huvimbisha mpira wa bushi na mabuti ya ekseli, kisha hushika vumbi la njia ya Marafa na kugeuka tope linalotunza unyevu. Lori lina chuma cha milimita nyingi, linaweza kustahimili. Kigari hiki hakiwezi.

Nyongeza juu ya kuosha, maana hapa watu huharibu gari wakidhani wanalitunza. Visima vingi vya mwambao wetu vina maji ya chumvichumvi. Ukiosha kwa maji ya kisima, yakikauka yanaacha chumvi ileile uliyotaka kuondoa. Osha kwa maji ya bomba yanayotoka Baricho, au ya mvua. Kisima kikiwa ndicho pekee, malizia na ndoo mbili za maji matamu, moja juu na moja chini ya gari. Msimu wa kusi upepo unavuta rasharasha ya bahari hadi barabarani, kwa hiyo suuza chini kila wiki. Kaskazi ukivuma kavu, kila wiki mbili kunatosha.

Usisahau kondensa ya AC mbele ya rejeta. Mapezi yake ni ya aluminiamu, na chumvi huyala mpaka gesi inaanza kuvuja. Ipigie maji ya mpira wa bustani yasiyo na nguvu, ukitokea upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea yenye presha huyalaza mapezi na hewa haipiti tena.

Mizani_Pwani

Turudi kwenye mkopo, kwani hapa ndipo pesa nyingi hupotea kuliko kwenye bei ya gari.

Karani atakwambia "riba ni asilimia 16." Swali la kumuuliza ni moja: asilimia 16 ya salio linalopungua, au ya mkopo mzima mwaka baada ya mwaka, ile inayoitwa flati? Kwa Sh1,200,000 na miezi 48:

Salio linalopungua: malipo ya mwezi karibu Sh34,000, riba yote karibu Sh432,400.
Flati: malipo ya mwezi Sh41,000, riba yote Sh768,000.

Asilimia ni ileile kwa jina, lakini umbali kati yake ni zaidi ya Sh335,000. Hiyo flati ya 16 ukiigeuza kuwa ya salio linalopungua ni karibu asilimia 27 kwa mwaka. Omba jedwali la malipo ya miezi yote 48 lililochapishwa. Safu ya riba ikipungua kila mwezi, ni salio linalopungua; ikibaki tarakimu moja kutoka mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, ni flati.

Uliza pia ada ya kulipa mapema. Usajili utakuwa wa majina mawili, lako na la benki, hadi deni liishe. Siku ya mwisho hakikisha benki imeanzisha kuondoa jina lake kwenye akaunti ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, wasikuache na barua tu.

Kuhusu zile Sh200,000: ada ya kupanga mkopo huwa asilimia 2 hadi 3, sema Sh36,000. Bima kamili kwa asilimia 4 ya Sh1,500,000 ni Sh60,000, pamoja na tozo za asilimia 0.45 ya hizo Sh60,000 (Sh270) na stempu Sh40, jumla Sh60,310. Kinachobaki ni traka, dawa ya kutu, sevisi ya kwanza na petroli. Usikibadilishe kuwa redio kubwa.

Bima_na_Haki

Mizani kaigusa bima, niongeze alichoacha.

Kisheria lazima ni bima ya mtu wa tatu, lakini penye mkopo benki itadai bima kamili. Soma kiasi utakachochangia mwenyewe kwenye kila ajali. Mara nyingi ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Kwa gari hili ni Sh37,500, na bampa pamoja na taa moja vinaweza kuishia hapohapo. Kuna nyongeza ya kuondoa mchango huo. Ilinganishe na bei yake.

Nyongeza ya fujo za kisiasa na ugaidi huwa karibu asilimia 0.25, yaani Sh3,750. Kwa anayetumia njia ya Garsen, Witu hadi Mokowe, usiiache. Na mafuriko: uliza kwa neno lenyewe "mafuriko," na injini iliyovuta maji. Tana ikijaa, barabara ya Lamu hukatika upande wa Gamba, na gari dogo huvuta hewa chini kuliko watu wanavyodhani. Maji yakifika katikati ya gurudumu, usiingie. Ukiingia na likazima, usilipige stata. Maji hayabanwi kama hewa, na fito ya pistoni hupinda. Kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa ikionekana uliliwasha tena.

Kaskazi77

Na usalama wa haya madogo? Abiria wawili ni watoto.

Bima_na_Haki

Hapo sina jibu laini la kutoa. Mwaka 2020 Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, ilipima S-Presso ya soko la India, yenye mfuko mmoja wa hewa, ikapata nyota sifuri. Mwaka 2022 ile ya Afrika Kusini yenye mifuko miwili ilipata nyota 3 kwa watu wazima na 2 kwa watoto. Jina la gari ni moja, matokeo mbalimbali. Kwa hiyo usinunue jina. Dai kwenye profoma: mifuko miwili ya hewa, ABS (breki zisizofunga magurudumu), mikanda ya pointi tatu nyuma pande zote, na vishikio vya ISOFIX vya viti vya watoto. Kimoja kikikosekana, nenda duka la pili, hata kama rangi uliyoipenda iko la kwanza.

Fundi_Barani

Siku ya kuchukua gari, dada au kaka Mwanagede, nenda asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, na usiende na haraka. Gari "jipya" linaweza kuwa limesimama yadi mwaka mzima karibu na bahari.

Anza na tairi. Pembeni kuna tarakimu nne baada ya herufi za DOT: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho mwaka. 1424 ni wiki ya 14 ya 2024. Tairi tano zisitofautiane sana, na zote ziwe karibu na tarehe ya gari. Herufi ya 10 ya namba ya chasisi kwa makampuni mengi, si yote, huonyesha mwaka: R ni 2024, S ni 2025. Gari likiwa la mwaka uliopita, si ubaya. Una haki ya kudai bei ishuke, na dhamana ianze siku unayolipokea.

Betri ipimwe kabla injini haijawashwa. Volti 12.5 kwenda juu ni nzuri. Chini ya 12.2 imeshatumika nusu na imekaa hivyo muda, dai nyingine, usikubali "itajichaji njiani." Injini ikiwaka, pima tena, iwe kati ya 13.5 na 14.7.

Kitu watu hawakiangalii ni presha. Magari yakisafirishwa hujazwa upepo mwingi ili tairi zisipate bapa, na mara nyingi hakuna anayeushusha. Soma kibandiko cha mlango wa dereva, uweke hivyo. Tikisiko kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa ambalo haliishi baada ya kilomita 20 ni bapa la tairi, rudisha gari.

Piga tochi chini. Vumbi la kutu jekundu kwenye diski za breki ni la kawaida, huondoka kwa kukanyaga breki mara chache. Kutu kwenye maungio ya bati, kwenye boliti za shoki au mbavu za chini si kawaida. Rangi iliyorudiwa utaijua kwa kulinganisha vijinundu vyake, kama ganda la chungwa, kwenye jua la upande, na kwa boliti za mashavu na boneti zilizochubuka kwa spana. Jaza fomu ya makabidhiano mwenyewe, kwa mkono wako, kabla ya kusaini chochote.

Traka ya benki ifungwe na muuzaji au kwa idhini yake iliyoandikwa. Fundi wa nje akikata waya wa kiwandani, umeme wote wa gari unaweza kutolewa kwenye dhamana.

Safari ya Mombasa–Malindi ni nzuri kwa injini changa: kilomita 1,000 za mwanzo usikae kwenye mwendo mmoja muda mrefu, usizidi mizunguko 4,000 ya injini kwa dakika, wala usikanyage mafuta hadi chini. Oili ya injini hizi ni karibu lita 3 tu, kwa hiyo nusu lita ikipungua ni nyingi. Angalia kijiti kila Jumamosi.

Mtepe_wa_Shela

Klachi au otomatiki? Wanauza ile ya AGS kwa nyongeza ndogo.

Fundi_Barani

AGS si otomatiki ya kawaida. Ni gia ya mkono ileile na klachi ileile kavu, ila mtambo wa haidroliki ndio unaokanyaga klachi badala ya mguu. Faida ni bei na petroli. Hasara ni kwamba dereva hudhani ni CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na klachi hii: hulishikilia gari kwenye mlima kwa kukanyaga mafuta kidogo, na klachi inaungua. Kwenye foleni ya Mtwapa, ukisimama, kanyaga breki. Ikiwa zaidi ya dakika moja weka N na hendibreki. Kwa njia za Malindi tambarare ningechukua gia ya mkono. Kila fundi wa mji ataifungua.

Mwanagede

Shukrani sana, nyote. Swali la mwisho: kuna wakati gari litalazwa Mokowe wiki tatu, mimi nikivuka Lamu kwa boti. Nalilazaje?

Kaskazi77

Hilo nalijibu. Malindi hadi Mokowe ni kama kilomita 220. Kwa tangi la lita 27 usitegemee kwenda na kurudi bila kujaza, kwa hiyo ongeza Garsen au Witu ukienda. Ukifika, suuza chini kwa maji matamu, kisha endesha kilomita mbili ukikanyaga breki ili zikauke. Ongeza psi 5 kwenye kila tairi. Usivute hendibreki, maana pedi za ngoma za nyuma hushikamana kwa kutu. Acha kwenye gia ya kwanza na uweke jiwe mbele na nyuma ya gurudumu. Ondoa waya hasi wa betri, upake grisi kwenye ncha, ila uulize kwanza kama traka ya benki itakubali kukaa bila umeme au itatuma ishara ya wizi. Usifunike kwa turubai la plastiki. Linafungia unyevu wa chumvi ndani. Kivuli cha makuti chenye upepo kinatosha, mbali na mnazi wenyewe.

Fundi_Barani

Na ukirudi, kabla ya kuwasha, fungua boneti uangalie panya. Waya za magari mapya wanazipenda, na Mokowe wako wengi kwenye maghala.